Nilifungua Kikao Mapema, Nikasikia Wakinifukuza

"Huyu mama mwisho wake Ijumaa! Ratiba yake ibandike jina lako!"

Nikaganda, kikombe mkononi...

Jamani, aliyesema hivyo ni bosi wangu! Laivu, kwenye kompyuta yangu, juu ya meza yangu ya jikoni!

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Kazi yangu ni kupanga safari za magari yanayopeleka dawa kwenye zahanati. Nafanyia nyumbani, na vikao vya mtandaoni navifungua mimi.

Wiki iliyopita nilisahau kuzima maiki. Katikati ya kikao, mwanangu akapaza sauti kutoka chooni:

"Mamaaa! Nimemalizaaa!"

Watu ishirini wakasikia. Bosi akanisema mbele yao mpaka basi. Kosa langu, nikalimeza.

Tangu siku hiyo naingia dakika kumi kabla, maiki nimezima, mtoto nimeshamhudumia.

Leo bosi akaingia na msaidizi wake. Hawakutazama hata orodha ya waliomo. Wakaanza kuropoka!

"Na yeye akilalamika?" msaidizi akauliza.

"Alalamike kwa nani? Mkurugenzi anakuja kuisikiliza ratiba, wewe isome tu. Yule akaoshe watoto!"

Miezi mitatu nimeumiza kichwa, nimepigia simu dereva mmoja mmoja... halafu nimwachie mtu?

Thubutu!

Nikawasha maiki. Nikawasha na kamera.

"Bosi, habari za asubuhi. Nipo."

Bosi akatoa macho.

"Unasikiliza mazungumzo ya watu?!"

"Kikao nimekifungua mimi. Nyie ndio mmenikuta."

"Toka!"

"Sitoki. Ratiba nimeitengeneza mimi, nitaisoma mimi."

Akasimama kwa hasira. Mungu wangu! Juu shati na tai, chini kaptula ya kulalia!

"Kaa, bosi. Unaonekana mpaka magoti."

"Nimesema toka, au nita..."

Nikabonyeza. Maiki yake kwisha! Mdomo unacheza, sauti hakuna.

Sasa, kwenye orodha kulikuwa na jina la nne: "Sungura". Kamera imezimwa. Nilidhani ni mtoto wa mtu amechezea kifaa.

Sungura akaongea.

"Wewe kijana. Gari la mlimani linaondoka Jumanne. Kwa nini si Jumatatu?"

Wee! Ni Mkurugenzi mwenyewe!

Msaidizi jasho likamtoka. "Eeh... nadhani... mvua?"

"Mama, hebu wewe."

"Jumatatu ni siku ya kliniki ya watoto kule, na muuguzi yuko peke yake. Hawezi kupokea mzigo. Aliniambia mwenyewe."

"Vizuri. Ratiba utaisoma wewe, na Ijumaa utakuwepo. Bosi wako aje ofisini kwangu mchana huu. Avae suruali."

Nikataka kushukuru, mara nyuma yake...

"Bibiii! Nimemalizaaa!"

Mkurugenzi akakohoa.

"Samahanini, dakika mbili. Ni mjukuu wangu. Simu yangu imeisha chaji, nimetumia kishikwambi chake, ndiyo maana mnaona 'Sungura'."

Nilicheka mpaka nikamwaga chai!

Ndugu zangu mnaofanyia kazi mtandaoni, wahini. Zimeni maiki. Vaeni mpaka chini. Someni majina ya waliomo kabla hamjafungua mdomo.

Ila ukiona kazi yako inaibwa mbele ya macho yako...

Washa maiki!