Hodi Upande Usio na Geti

Hodi ilitokea upande usio na geti.

Faraja alikuwa amechutama uani, mikono imejaa magamba ya changu, mafuta yanachemka jikoni, na mdomo wake ukajibu kabla kichwa hakijawaza. "Karibu!" Ndivyo alivyolelewa kwao Masasi. Mtu akibisha unamkaribisha, mengine mtajuana akishakaa. Kisha akanyanyua macho kutazama sauti ilikotoka, akaona mbao tupu, zimempita mtu mrefu kimo, zimebanana hata jani halipenyi. Geti lilikuwa mbele, upande wa barabara ya Msimbati. Huko nyuma hakukuwa na kitu ila kijinjia cha zamani kilichoteremkia kwenye mikoko.

"Nani mwenzangu?" akauliza.

Harufu ya tope la mikoko ikaingia uani, tope lile jeusi linalonuka kama yai viza, ikampitia ubavuni kabisa, ikapanda kibarazani, ikaingia ndani ya nyumba. Faraja akabaki na kisu mkononi. Halafu mafuta yakaanza kuungua, akaenda kukaanga samaki, maana jiko halimsubiri mtu amalize kushangaa.

Huo uzio ulikuwa wa Elisha, mumewe. Tuseme ukweli, Elisha hakuwa mtu mbaya. Karani wa bandarini, hanywi, hainui mkono kwa mkewe, na binti yao Joyce aliyekuwa shule ya bweni hakuwahi kurudishwa kwa ajili ya ada. Lakini alikuwa mkono wa birika, na mtaa mzima ulijua. Kabla ya uzio, kijinjia kile kilikatiza uani kwao, na wanawake waliotoka kuokota chaza walipita humo humo. Kila mpitaji alipiga hodi, kila hodi ilijibiwa karibu, na Faraja akishasema karibu hamwachi mtu aondoke na njaa. Elisha akirudi mchana kula, anakuta sufuria inakwanguliwa.

"Nataka nile ugali wangu bila kuhesabiwa matonge," alisema, akaagiza mbao za paini kutoka kwao Njombe.

Aliyezipigilia ni Bakari, fundi seremala wa Chuno. Alipofika upande wa nyuma aliweka nyundo chini.

"Bosi, hapa tuache hata kilango. Hapa pana njia."

"Njia ya nani? Hati ya kiwanja ninayo mimi."

"Wanapita, bosi. Na sio watu tu."

Elisha alicheka mpaka akakohoa. "Hao wengine nao wazunguke."

Bakari hakubisha, maana hakutaka kuonekana mwoga mbele ya mtu wa bara. Ubao wa mwisho ulipigiliwa asubuhi. Hodi ilikuja mchana wa siku hiyo hiyo, jua likiwa utosini.

Elisha aliporudi kula, alinawa, akafunua sahani yake, akakuta miiba mitupu. Ilikuwa imelambwa ikang'aa.

"Mama Joyce, umemkaribisha nani tena?"

"Hakuna aliyeingia, baba Joyce. Geti si umelifunga mwenyewe?"

Akamtazama mkewe kwa jicho la mtu aliyeibiwa, akala ugali kwa mchuzi.

Kesho yake, saa ile ile ya jua kali, kiti kilichokuwa kitupu mezani kikavutwa. Hakikuvutwa kwa kishindo. Kilivutwa polepole, kama anavyovuta mgeni mwenye adabu, na maji ya chumvi yakaanza kudondoka kutoka ukingoni mwake hadi sakafuni. Mume na mke walikiona wote wawili. Mtu mwingine angekimbia, lakini Elisha aliikumbatia sahani yake kwa mikono yote miwili.

"Hiki ni changu," alisema kwa sauti ndogo.

Sahani ikamponyoka, ikapanda juu, ikamshukia mdomoni kwa ukingo. Meno mawili ya mbele yalikwenda nayo. Damu ikamwagikia ugali, na ule ugali wa damu ukaanza kupungua, tonge kwa tonge, hakuna mkono.

Usiku ule walinong'ona kitandani kama watoto wanaojificha.

"Jana nilisikia hodi," Faraja alisema. "Kule nyuma. Nikajibu."

"Tumetupiwa jini," Elisha alinung'unika ndani ya kanga aliyoibana mdomoni. "Majirani hao. Wivu wa uzio."

"Tufungue pale nyuma, baba Joyce. Nakuomba."

"Hata ubao mmoja hautoki."

Asubuhi Elisha alipokwenda hospitali kushonwa ufizi, Faraja hakungoja ruhusa tena. Alimpigia simu Bakari, akaja na mtaimbo wake. Aling'oa msumari wa kwanza, akautupa mchangani. Msumari ukaruka, ukarudi kwenye tundu lake, ukazama wenyewe mpaka kichwani. Bakari alimgeukia Faraja.

"Mama, hii kazi..."

Hakumaliza, kwa sababu kitu kilimshika kisogoni, kitu ambacho Faraja hakukiona ila aliona alama za vidole vyake zikizama katika nyama ya shingo ya fundi, vidole virefu kuliko vya mtu, kikamkutanisha uso na mbao, kikamrudisha nyuma, kikamkutanisha nazo tena, na tena, na kila mara mlio ulibadilika, mwanzo mkavu kama wa mtu anayebisha mlango, kisha wa majimaji, na Faraja akiwa amemkamata fundi miguu anavuta kwa nguvu zake zote, analiita jina la Yesu, anaita majirani, anasikia bodaboda zikipita barabarani ng'ambo ya mbao na watu wakisalimiana na kucheka, wasione lolote, maana ndiyo kazi ya uzio ule, kuficha.

Kilipomwachia, Bakari alitambaa hadi getini bila pua. Mtaimbo wake hakurudi kuufuata.

Aliyeingia getini wakati Bakari anatoka alikuwa Bi Mwanahawa, jirani, muuza chaza, mmoja wa wale waliokuwa wakila pale kila wiki. Alitazama damu kwenye mbao, akaziba mdomo kwa ncha ya ushungi.

"Tangu jana nasikia vishindo," alisema. "Nikasema wanandoa wanapigana, yasiyonihusu. Zamani ningeona, ningeingia."

"Ni nini, Bi Mwanahawa?"

"Ni mpitaji. Mchana anakwenda mjini, anarudi mikokoni. Sisi tunampisha tu, hatumsemeshi, naye hana neno na mtu. Sasa mmemzibia njia, akapiga hodi. Kupiga hodi si tatizo. Nani kamjibu?"

Faraja alitazama chini. "Mimi."

"Ukamwambiaje?"

"Karibu."

Bi Mwanahawa alikaa chini pale pale mchangani. "Basi ni mgeni wako, mama Joyce. Na mwenye nyumba anamnyima chakula. Mumeo atauawa."

Elisha aliwakuta wamekaa hivyo. Aliona mbao, akaona mtaimbo, akaelewa mkewe alitaka kufanya nini, na hasira ikamshinda akili. Alichukua panga nyuma ya mlango, akasimama katikati ya ua na mdomo wake ulioshonwa.

"Toka! Mimi sikukuita! Toka kwangu!"

Kilimjibu mara moja. Kilimvuta kifundo cha mguu, akaanguka chali, panga likaruka huko, kikamnyanyua kichwa chini miguu juu, kisha kikaanza kutembea naye kando ya uzio, kinamburuza mbavu kwenye mbao kama mtoto anavyoburuza kijiti, ubao baada ya ubao, kona hadi kona, na kila palipochomoza kichwa cha msumari palibaki kipande cha shati na kipande cha Elisha, naye akipiga kelele mwanzo kwa Kibena, lugha ya mama yake, kisha bila lugha yoyote, huku Faraja anakimbia nyuma yake amenyoosha mikono, anamwambia yule asiyeonekana chakula kipo, chakula kipo bwana, nakupikia, mwache, mwache nikupikie.

Kiliposikia chakula, kilimdondosha.

Faraja alimlaza mumewe godoroni, akamsafisha kwa maji ya uvuguvugu, na alilia kwa sauti. Alimpenda. Watu walikuwa wakimuuliza anaishije na bahili yule, naye hucheka tu, lakini bahili yule ndiye aliyemuuguza malaria mwezi mzima akimnywesha uji kwa kijiko. Hakuwa tayari kumzika kwa sababu ya neno moja alilolisema mwenyewe akiwa na samaki mkononi.

Bi Mwanahawa alituma mtu Nanyamba, na kesho yake kabla ya adhuhuri akaja Bi Rukia kwa bodaboda, mganga mnene, mkali, vidole vyeusi kwa utomvu wa korosho. Alikuwa ameacha mavuno yake chini ya mikorosho na hakuficha kwamba limemuudhi. Aliuzunguka uzio kwa ndani, akanusa, akatema mate.

"Wenzangu wangemchapa kwa makombe na mafusho, akawaua nyote," alisema. "Uliyemkaribisha hafukuzwi. Mlishe ashibe, halafu msindikize kama mgeni yeyote. Mbao za nyuma nitazitoa mimi. Akishashiba atakubali zitoke."

"Nimsindikize mpaka wapi?"

"Mpaka mikokoni. Na sikiliza vizuri, mwanangu. Ataaga. Akiaga, kimya. Hata akikuumiza, kimya. Lile neno lenu la adabu, karibu tena, lisimtoke mtu yeyote wa nyumba hii. Umenisikia na wewe uliyelala humo?"

Kutoka chumbani, Elisha akacheka, kicheko kikageuka kikohozi cha damu. "Mimi? Uliza mtaa mzima. Sijawahi kumwambia mtu karibu tena."

Hata Bi Mwanahawa alitabasamu.

Faraja alipika kila kilichokuwamo ndani: changu wote, kisamvu cha nazi, ugali wa muhogo, wali uliotunzwa kwa ajili ya Krismasi. Akaandaa meza, akatoka, akaenda kusimama nyuma ambako Bi Rukia alikuwa aking'oa mbao. Misumari ilitoka laini kama kwenye siagi, mwanya ukawa mpana wa kupita mtu, na kijinjia kikaonekana tena, kimelala vile vile kwenye majani. Ndani ya nyumba kulisikika kutafuna. Kutafuna kukaisha. Kiti kikarudishwa. Mgeni hakutoka.

"Anafanya nini huko?" Faraja alinong'ona.

"Nyamaza. Mgeni hutoka anapotaka."

Walingoja. Harufu ya tope ikaja mwishowe, ikasimama mbele ya Faraja, na mkono wenye majimaji ukamshika kiwiko. Akaanza kutembea. Alitembea naye katika jua lile bila kugeuza kichwa, akisikia kando yake hatua nzito zinazobonyea mchanga, akiona kwa pembe ya jicho nyasi zinalala na kuinuka, akimwomba Mungu wa kwao na akijiambia ni mgeni tu, nimesindikiza wangapi, ni mgeni tu, mpaka mchanga ukawa tope na mizizi ya mikoko ikaanza.

"Chakula kilikuwa kizuri," sauti ilisema sikioni, nene, ya mtu mzima, ya upole kabisa. "Kwaheri, mama."

Mdomo wake ukafunguka. Miaka yote ya malezi ilimjaa kooni, akaibana kwa meno, akauma ulimi mpaka damu ikamjaa kinywani. Mkono ukakaza kiwiko. Ukakaza tena. Alisikia mfupa wake unalia, ukavunjika, akapiga magoti topeni, lakini neno halikutoka. Kisha mkono ukalegea, maji ya mikokoni yakatibuka, harufu ikaondoka.

Faraja alirudi anacheka na kulia pamoja, mkono unaning'inia. Bi Rukia alimwona akaguna kwa kuridhika, akaanza kufunga mkoba wake, na Bi Mwanahawa akapiga kigelegele. Faraja akapitiliza hadi chumbani.

Elisha alikuwa amekaa, mgongo ukutani. Macho yalimtoka.

"Ameshakwenda?"

Faraja aliitikia kwa kichwa, ulimi umemvimba.

"Alipita hapa kwanza," Elisha alisema. "Alipomaliza kula. Aliniwekea mkono hapa, penye mbavu, akabonyeza kidogo tu. Akasema kwaheri, mwenye nyumba. Niliogopa, mama Joyce. Nilitaka aende kwa amani. Nikaona safari hii nimjibu vizuri, kama unavyowajibu wewe."

Faraja akamkamata shati. Hakuweza kuuliza, na hakukuwa na haja, kwa sababu mumewe alishaanza kulia.

Kule nyuma, ubao wa kwanza ukagongwa, ukarudi mahali pake. Ukafuata wa pili. Walisikia mkoba ukianguka uani na miguu ya Bi Rukia na Bi Mwanahawa ikitimka kuelekea getini, kisha geti likajibamiza na komeo likajifunga.

Mezani, kiti kikavutwa polepole. Kisha kikavutwa kingine.