Pikapu ya Fundi Lifti

Jumamosi hiyo yadi ya magari ilikuwa imefurika watu. Spika mbili zilizofungwa getini zilitangaza punguzo la bei hadi masikio yaume, wauzaji walipishana mbio na funguo mikononi, na wateja walipiga matairi mateke kana kwamba tairi likipigwa teke husema ukweli. Katikati ya vurugu hizo mwanamke mmoja mfupi alikuwa amepiga goti nyuma ya pikapu, akipima bodi kwa futi ya chuma. Alivaa blauzi ya njano iliyomkaa vyema mabegani, sketi nyeusi na raba nyeupe. Wenzake walimwita Bibi Futi, kwa sababu hakuuza gari bila kulipima, wala hakumwuzia mteja bila kumpima na yeye.

"Dada, hiyo unayoipima naichukua," sauti nzito ilisema juu ya kichwa chake.

Akageuka. Aliona kwanza buti za ngozi zilizopakwa dawa zikang'aa, halafu suruali ya kaki yenye mifuko isiyo na idadi, halafu shati la kijani lililopigwa pasi, na juu kabisa uso wa mwanamume anayejua kwamba anatazamika.

"Hujauliza hata kama ina mwenyewe."

"Basi nauliza. Ina mwenyewe? Na wewe je?"

Bibi Futi alisimama, akajifuta vumbi magotini. Alimfikia mwanamume huyo kifuani.

"Tuanze na gari, kaka. Unalitakia nini?"

"Kuwinda."

"Kila siku?"

"Msimu ukifunguliwa, mara mbili kwa mwezi. Nina leseni, usinitazame hivyo. Siku nyingine niko kazini. Mimi fundi lifti. Mtu akikwama ghorofa ya kumi na mbili, mimi ndiye wanayempigia."

"Na ukienda kumkwamua, gari unaliweka wapi?"

"Maegesho ya chini ya jengo."

"Yale dari yake unaigusa kwa mkono. Hili ukilifunga na rafu ya juu, utaiacha rafu hukohuko." Akamshika mkono wa shati, akamvuta kati ya magari kama anayemvusha mtoto barabara. "Sikiliza. Ile ndogo ya milango miwili ni nzuri mjini, inapenya popote, lakini mkienda porini watu watatu na mkarudi na swala, mmoja wenu atapakatana na swala. Ile kubwa inabeba nyati mzima, ila kila asubuhi utazunguka mtaa mara tano unatafuta pa kuegesha. Chukua hii ya kati. Milango minne, kasha la bunduki linaingia chini ya kiti cha nyuma na kufuli lake, na mama yako anapanda bila kushikwa mkono."

"Mama yangu hayupo tena duniani."

"Pole. Basi mama wa mwenzio."

"Mwenzangu mwenyewe sijampata," alisema, akitabasamu. "Labda unipe namba yako, niulizie kama gari limepata mwenyewe."

Jioni ileile simu ya Bibi Futi ikaita.

"Nauliza kuhusu lile gari."

"Lipi?"

"Lile fupi lenye rangi ya njano."

Bibi Futi akaziba mdomo kwa mto ili mama yake, aliyekuwa chumba cha pili akisikiliza redio, asimsikie akicheka.

Kwa wiki sita fundi lifti aliendelea kuchagua gari. Kila Jumatano alikuja yadi na swali jipya: hii inakata kona vipi, ile inakunywa mafuta kiasi gani kwenye foleni, breki za hii zikiwa na mzigo zinashika? Wenzake Bibi Futi walijua kwamba mtu haulizi upana wa kioo cha pembeni mara tatu kwa sababu ya kioo. Naye akaacha raba nyumbani, akawa anakuja kazini na viatu vya visigino, magauni yanayopepea magotini, manukato nyuma ya masikio.

"Mpenzi, unanukia hadi injini inawaka yenyewe," fundi lifti alimwambia.

"Waongo wote nimewauzia magari, wewe nitakuuzia nini?"

"Niuzie moyo. Ukubwa wowote, sichagui."

Alikuwa na ulimi huo, na ulimi huohuo ulikuwa na upande wa pili. Mbele ya watu alimwita "kipande changu". Akimtambulisha kwa rafiki alisema, "Inama kidogo utamwona." Watu walicheka, Bibi Futi akacheka pia, maana alikuwa na miaka thelathini na sita na alishachoka kurudi nyumbani kusikiliza redio ya mama yake kupitia ukutani.

Rafiki zake wa kuwinda walikuwa watatu, wote na pikapu kubwa zilizoinuliwa kwa springi ndefu. Walipoonyeshwa ile ya kati walicheka hadi machozi.

"Hiyo ya kubebea mboga," mmoja alisema.

Siku ya pili fundi lifti akaingia yadi bila salamu.

"Nataka kubwa. Na muiinue."

"Mpenzi, tulishazungumza. Maegesho..."

"Nitaegesha nje. Kwani nakuoa wewe au naoa maegesho?"

Neno "nakuoa" lilimpita Bibi Futi mwilini kama maji ya moto. Futi ilikuwa mkononi, na vipimo vyote alikuwa navyo kichwani. Alijua gari lile halimfai. Alimtazama mwanamume yule akiwa amekaa juu nyuma ya usukani, kiwiko dirishani, akasema, "Linakupendeza, laazizi." Akaenda kuandika karatasi za mauzo mwenyewe.

Mama yake Bibi Futi alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya watu wa mtaa walizaliwa mikononi mwake, na wote aliwasema bila kujali vyeo. Mwezi ule akateleza bafuni, akavunjika nyonga. Alilazwa wiki tatu. Kila siku baada ya kazi binti yake alimwogesha, akamsuka nywele, akamgeuza kitandani.

"Huyo fundi lifti wako atakuja lini nimwone?" mama aliuliza.

"Siku ya kuruhusiwa atakuja kutuchukua. Na gari lake."

"Vaa vizuri basi. Na mimi unitolee lile gauni la zambarau."

Siku hiyo ilikuwa mkesha wa kufunguliwa msimu wa kuwinda. Fundi lifti alifika hospitali saa sita mchana na rafiki zake wote watatu nyuma yake, pikapu nne zimejipanga uani, mahema yamefungwa juu, watu wamevaa kaki tayari kwa safari. Mama alitolewa kwenye kiti cha magurudumu, gauni la zambarau limenyooka, kitambaa cha rangi hiyohiyo kichwani, fimbo mpya mapajani. Aliutazama mlango wa gari. Ngazi yake ilikuwa usawa wa kiuno chake.

"Shikamoo mama," fundi lifti alisema.

"Marahaba, baba. Hii ni gari au ghorofa?"

"Utafika tu, mama."

Walijaribu. Muuguzi alishika upande huu, Bibi Futi upande ule. Mama aliinua mguu mzima, ule uliovunjika ukagoma kumbeba, akatoa kilio kidogo alichokikata haraka kwa aibu. Walijaribu tena. Gauni likapanda juu ya magoti, bandeji ikaonekana. Wagonjwa waliokuwa wakiota jua ukutani waligeuka kutazama. Rafiki mmoja akaangalia saa.

Ndipo fundi lifti, akiwa ameshika usukani, akipaza sauti ili wenzake wasikie, akasema:

"Jamani, toeni winchi! Nyati wa mwaka jana alikuwa mzito kuliko huyu na tulimpandisha!"

Rafiki zake walilipuka kwa kicheko. Mmoja aliigiza anafungua waya. Mwingine akauliza kama leseni inaruhusu jike.

Na Bibi Futi akacheka.

Hakikuwa kicheko kikubwa. Kilimtoka puani, kama kinavyomtoka mtu aliyezoea kucheka na wenzake. Lakini kichwa cha mama yake kilikuwa kimeegemea bega lake, na sikio la mama lilikuwa karibu kabisa na mdomo uliocheka.

Mama akashusha mguu. Akavuta gauni lake, akalinyoosha kwa viganja viwili.

"Nirudishe kwenye kiti," alimwambia muuguzi. "Uniitie teksi."

Alirudi nyumbani peke yake na dereva teksi. Binti alifuata kwa miguu, viatu mkononi, kwa sababu mama hakumwita kwenye teksi, na kwenye pikapu ile na yeye alishindwa kupanda.

Nyumbani mama hakugomba wala hakulia. Binti alipomletea uji, alipokea kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ile ya mtu anayehudumiwa hotelini, "Asante, dada."

"Mama, mimi ni mwanao."

"Najua, dada. Uweke hapo."

Kila alipoogeshwa: asante, dada. Kila alipovishwa: asante, dada. Siku ya nne Bibi Futi alipiga simu.

"Usinitafute tena," alimwambia fundi lifti. "Umemdhalilisha mama yangu mbele ya hospitali nzima. Wewe si mtu."

"Kipenzi, ulikuwa utani. Nitaomba msamaha."

"Msamaha wa nini? Una roho ya mnyama."

Taratibu, bila hasira, fundi lifti akauliza: "Mbona na wewe ulicheka?"

Bibi Futi alikata simu. Akaifuta namba, kisha akakaa sakafuni bafuni, mlango ameufunga kwa komeo, bomba amelifungua, akalia hadi ndoo ikafurika.

Miezi miwili ilipita. Kazini alirudia raba zake. Mama alianza kutembea kwa fimbo hadi getini.

Asubuhi moja, Bibi Futi akiwa yadi, fundi lifti alikuja nyumbani kwao. Alikuwa ameliuza gari lake kubwa akanunua la kati, lenye milango minne, lisiloinuliwa. Alivua viatu mlangoni, akaketi chini kwenye mkeka mbele ya mkunga.

"Mama, nilikutukana. Sina la kujitetea. Nimekuja unitukane na mimi."

"Muda huo sina," mama alisema. "Umekuja na lile ghorofa lako?"

"Nimeliuza."

"Tuone."

Mama alifungua mlango mwenyewe, akaketi kwanza, akaingiza mguu mmoja, kisha wa pili. Hakushikwa mkono. "Haya. Nizungushe."

Alizungushwa hadi adhuhuri. Alipitishwa sokoni, akapitishwa kwa wazazi aliowazalisha, akashusha kioo akiwasalimia. Njiani alimhoji fundi lifti kila kitu: mama yake alikufa na nini, nani alimlea, kwa nini anapenda kuua wanyama, kwa nini anawaogopa rafiki zake. Fundi lifti alijibu yote. Kwenye swali la mwisho alisimamisha gari kando, akalia. Mama akampa ncha ya kitambaa chake cha kichwa ajifute.

Bibi Futi alirudi jioni akawakuta wanakunywa chai, wakicheka. Fundi lifti alisimama, akatoa pete mfukoni.

"Mama amekubali," alisema. "Nimebaki na wewe. Nikuoe?"

Alimtazama mama yake. Mama aliitikia kwa kichwa, na ilikuwa kweli, hakuna hila usoni. Bibi Futi akasema ndiyo, akakumbatiwa, akavishwa pete, akahisi miezi miwili ikimtoka kifuani. Akapiga magoti mbele ya mkunga.

"Kwa hiyo yamekwisha, mama?"

"Na yeye, yamekwisha. Alikuja, akasema kosa lake kwa jina."

"Na mimi?"

Mama aliweka kikombe chini, polepole, kisilie juu ya sahani.

"Yeye alikuwa hanijui," alisema. "Nimeshafungasha. Kesho nahamia kwa kaka yako. Mtakuwa na nyumba yenu wenyewe."

"Mama, nakuomba msamaha. Nilicheka. Nakuomba."

"Nimesikia."

Usiku kucha taa ya chumba cha mama ilikuwa imezimwa na redio pia.

Asubuhi fundi lifti alipakia masanduku mawili na kitanda kwenye bodi, vikaenea vizuri. Mkunga aliketi mbele. Bibi Futi aliketi nyuma kati ya mito na masufuria, pete kidoleni, akitazama kisogo cha mama yake, nywele ambazo safari hii mama alijisuka mwenyewe, upande mmoja umepinda.

Safari ilikuwa ya saa tatu. Huko mbele walizungumza mfululizo: namna swala anavyonusa upepo, namna mtoto anavyogeuka tumboni. Fundi lifti alimtazama mchumba wake mara kwa mara kupitia kioo, akijaribu kumwingiza kwenye mazungumzo, na kila mara mkunga aliubadilisha mkondo.

"Mama," Bibi Futi alisema hatimaye, akisogea mbele, "mguu hauumi? Tusimame kidogo upumzike?"

Mkunga alitazama barabara.

"Ongeza mwendo, mwanangu," alimwambia fundi lifti.