Mashine Iliyotakiwa Kuibwa

SAA 1:10 ASUBUHI

Chumba cha nyuma ya karakana kilinuka oili na chuma kilichoungua. Shemeji alifuta meza kwa kiganja, akapanga nati tatu.

"Haya ni makasha. Matatu. Ndani mna mashine ya kukamua alizeti, vipande vipande. Ndiyo ruzuku yenyewe." Akaweka kiberiti. "Hili ghala. Saa tano wageni wanafika uwanja wa shule kuikabidhi. Saa nne na nusu kijiji kizima kiko huko kinasubiri hotuba. Mlinzi nimemtuma kupanga viti. Tunapakia, tunakula kona. Saa sita mnunuzi yuko ng'ambo ya daraja."

"Na ufunguo?" aliuliza Spana, mwenye karakana, jitu la miraba minne lenye mikono kama koleo.

Wote wawili wakamgeukia Gredi.

Jina alilopewa na wazazi lilishasahaulika. Miaka kumi na moja alikuwa mchambuzi wa tumbaku katika ghala la chama cha ushirika. Mfumbe macho, mpe jani, atalinusa na kukutajia daraja lake. Ufunguo wa ghala aliuvaa shingoni.

"Ninao," alisema.

Ruzuku ilikuja kuwatoa watu kwenye tumbaku. Ilitangazwa kwa spika: kila kaya! Orodha ilipobandikwa, kaya zilikuwa kumi na nane, zote za ukoo wa Mwenyekiti wa chama. Waliosahauliwa ni mbwa wao tu. Gredi hakuwemo. Shamba alilokodi lilikuwa na sharti moja: panda tumbaku au ondoka. Na binti yake wa miaka minane alikuwa anachuma majani mabichi yenye umande, halafu anatapika mpaka anashindwa kushika kikombe. Wiki iliyopita alizimia juu ya tuta. Gredi alimbeba hadi zahanati, na njiani akaapa kwamba mtoto huyu hatagusa tena jani lile. Mgao wake wa leo ulikuwa kodi ya shamba lisilo na sharti.

"Shem, huyo mnunuzi unamjua vizuri?" aliuliza Gredi.

"Unaniuliza mimi? Marehemu kaka yangu si atanifufukia nikikuingiza mjini?"

Spana akacheka. "Mimi je? Mimi sina marehemu wa kunitetea."

SAA 4:35

Lori la chama lilirudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Shemeji, dereva wake, hakuzima injini. Kutoka uwanjani spika ilikuwa inakohoa: moja, mbili, moja, mbili.

Kufuli lilifunguka. Makasha yalikuwa kwenye kona, yamefunikwa turubai.

"Mashine ya namna hii ni ya wanaume wanne," alisema Spana, akitema mate viganjani. "Dada, shika hapo. Ukichoka sema, usije ukaniponda mguu."

Wakainua. Kasha likapanda kama godoro.

Wakatazamana.

"Mbona jepesi?"

"Mashine za siku hizi," Shemeji alisema kutoka dirishani. "Plastiki tupu. Pakieni!"

Wakapakia la kwanza. La pili. Kwenye la tatu pua ya Gredi ikagoma. Harufu ile aliijua kuliko harufu ya jasho lake. Akapenyeza vidole kati ya mbao mbili, akavuta.

Jani. Jeusi, limelowa, lina ukungu kama poda.

"Hii tumbaku niliikataa mimi," alisema polepole. "Msimu uliopita. Nikaipiga msalaba wa chaki. Mwenyekiti akasema inakwenda kuchomwa moto."

Spana aling'oa ubao kwa nondo. Majani mpaka chini. Hapakuwa na hata skrubu.

"Shem," Gredi aliita. "Mashine iko wapi?"

Shemeji alishuka. Hakuwa na haraka ya mwizi.

"Hakuna mashine. Haikuwahi kuwepo. Hela ililiwa kabla haijafika. Sasa leo wageni wanataka kuiona kwa macho yao. Utawaonyesha nini? Ni lazima iibwe."

"Na sisi ndio wezi."

"Tunatupa makasha mtoni, tunarudi, hajulikani mtu. Mimi Mwenyekiti ananiachia lori. Nanyi mtakumbukwa. Panda, shem. Usiniharibie."

"Kwa nini mimi?"

 Shemeji akatazama ufunguo shingoni mwa Gredi.

SAA 4:50

Spana alishalitupia kasha begani, akielekea mlango wa pili, unaotazama uwanjani.

"Napeleka uwanjani. Wageni waliitaka mashine, waione."

"Spana, weka chini," Shemeji alisema, sauti imebadilika. "Usitoke kwa mlango huo, ndugu yangu. Nakuomba."

"Ndugu yako nani?"

Akatoka. Gredi akamfuata mbio. Akaona kofia tatu za polisi nyuma ya ukuta wa choo, akapiga kelele. Polisi walikuwa wameambiwa majambazi ni wawili na wana silaha. Hawakuuliza. Risasi mbili. Spana alipiga magoti kwanza, kama anayetafuta nati iliyodondoka, halafu akalala juu ya kasha. Mbao zikapasuka. Upepo ukatawanya majani hadi barabarani.

Uwanjani spika ilinyamaza.

Watu walipofika, Shemeji alikuwa ameketi chini, mikono kichwani, anasimulia jinsi alivyotekwa na lori lake. Mwenyekiti aliokota jani moja akaliinua juu.

"Mnaona? Mashine wameshaitoa zamani, wakajaza takataka! Nani mwenye ufunguo? Nani mwenye tumbaku?"

Umati ukamtazama Gredi. Akafungua kinywa. Mwanamke mmoja aliyekuwa anachambua naye majani kila siku akamtemea mate.

SAA 9:15 ALASIRI

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti vitatu na dirisha la nondo. Mpelelezi alitoka nje kuvuta sigara. Mwenyekiti akaingia, akavuta kiti.

"Binti yako anaendeleaje?"

Gredi alitazama dirisha la nondo.

"Fundi amekufa, hana mwenyewe. Wageni wanataka jibu tu. Ukiri uliiuza mashine. Nami mama yako nitampa ekari moja ya chama, kando ya mto. Apande mboga, apande anachotaka. Mtoto hatashika jani."

"Andika kwanza. Weka muhuri. Mama aipokee karatasi mkononi mwake, hapo dirishani, nione."

"Huniamini?"

"Nimekunusa."

Saa kumi kasoro mama yake alisimama nje, akasoma kwa kidole, akaitia karatasi kifuani. Hakuelewa kwa nini bahati imemjia leo. Mtoto, akiwa amemshika nguo, aliinua macho kwenye nondo. Gredi akarudi nyuma haraka, asionekane.

Mpelelezi alirudi, akafungua daftari.

"Sema."

"Niliiiba mimi. Wiki mbili kabla. Nikaiuza ng'ambo ya daraja, kwa mtu nisiyemjua."

"Mashine ya kukamua alizeti."

"Ndiyo, afande."

"Ilikuwa ya rangi gani?"

Gredi akamtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama ukuta. Naye hakuwahi kuiona.

"Kijani," alisema Gredi.

Mpelelezi akaandika: kijani.