Subilaga Aliingia Migombani

Jua lilikuwa linazama nilipofika Suma, kompyuta nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni, maana mvua ya kwetu haina adabu. Nilikuwa nakwenda kumwomba Mzee Amoni aweke hela kwenye filamu yangu. Yeye ndiye alikuwa tumaini la mwisho. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini alishanicheka, na matajiri wa parachichi wa Kyimo walisema filamu ambayo mwigizaji wake mkuu amekufa ni hasara tupu.

Mwigizaji huyo alikuwa mdogo wangu, Subilaga. Homa ilimchukua kazi ikiwa katikati. Zilibaki dakika chache tu akiimba, akicheka, akimfukuza mbuzi wa jirani. Picha za kawaida mama anazo, lakini Subilaga akitembea, akiongea... alikuwa humo tu. Nilitaka kuimaliza filamu ili asipotee.

Kulikuwa na kikwazo. Mzee Amoni alikuwa baba mkwe wake, na kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Miaka yote ya ndoa, Subilaga akisikia mzee anakohoa njiani, alijifunika kanga na kuingia migombani. Hata siku ya msiba mzee alikaa mbali, jeneza likafungwa bila yeye kuiona sura ya marehemu.

"Mugonile, tata," nilimwamkia kwa Kinyakyusa, kama mtu anavyomwamkia baba yake.

"Ndaga, mwanangu. Kaa."

Nilipofungua kompyuta, aligeuza kiti akaangalia ukuta. Akawa anasikiliza tu. Subilaga alipoanza kuimba, mabega ya mzee yalitetemeka.

"Hela ninayo," alinong'ona. "Lakini kuiweka kwenye kitu ambacho sijakiona..."

"Basi geuka, tata. Ameshakufa. Hii ni picha tu."

"Bado ni mkwe wangu."

"Ukikataa, atasahaulika."

Mvua ilianza kugonga bati. Kisha kiti kikalia... kwiii.

Akageuka.

Subilaga akakatiza wimbo.

Kipande kile nilikihariri mwenyewe, nakijua chote. Hapakuwa na mahali anapokatiza wimbo. Aliinua macho, akatazama upande wetu... akamwona mzee. Hofu ikamjaa usoni. Alivuta kanga kichwani, akainama, akaingia migombani mbio. Tukabaki tunatazama uwanja na yule mbuzi.

Nikarudisha nyuma. Uwanja na mbuzi. Nikarudisha mwanzo kabisa.

Hayupo.

Ndipo nikasikia majani makavu ya migomba yakikanyagwa. Sauti haikutoka kwenye kompyuta. Ilikuwa nyuma ya nyumba. Harufu ya mafuta ya nazi aliyokuwa akipaka nywele ilipenya dirishani, nikahisi moyo unanipasuka kwa hamu ya kumwona. Mzee akakohoa, nadhani kwa mazoea tu... na miguu huko nje ikakimbia, ikashuka bondeni mpaka ikapotea.

"Nimemfukuza," mzee alisema. Alilia kwa sauti, na mimi nikalia naye.

Hela alinipa. Siku ile ile, bila masharti ya faida.

"Imalize," alisema. "Mimi sitaitazama kamwe. Mwambie hivyo, akikusikia."

Sasa nina kamera ya kukodi, taa ninazo, na filamu haina mtu. Kwenye flashi zote, hata kwenye simu ya mama niliyemrushia kile kipande, kote ni uwanja na mbuzi. Mchungaji wa kanisa letu anasema ni hitilafu ya kompyuta. Huenda. Lakini mama haelewi habari za hitilafu. Kila jioni ananiletea simu yake na kuniomba nimwonyeshe mwanawe.

Jana nilifunga mlango, nikawasha kompyuta peke yangu. Nikasogeza mdomo karibu na kioo.

"Subi... ni mimi, kaka yako. Mzee hayupo."

Pembeni mwa picha, jani la mgomba lilitikisika. Vidole vyembamba vikalishika, vikalisogeza kidogo... vikatulia hapo hapo.

Nilimbembeleza mpaka betri ikaisha. Hakutoka.