Masega Mfukoni mwa Kisilu

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi chini ya mti, na mfukoni mwa koti mlikuwa na masega ya asali.

Inspekta Mumbua aliyaona masega kabla ya kuliona jeraha. Kando ya maiti palikuwa na mzinga wa gogo uliopasuka, na nyuki wachache wakizunguka kwa hasira. Huo ulikuwa msitu wa mlima wa Mbooni, juu kidogo ya soko la Kikima. Watu waliokuja kutazama walisimama mbali, na hakuna aliyekuwa akilia.

"Ni nani huyu?"

"Kisilu, afande," alijibu Konstebo Abdiladif. "Mlinzi wa msitu, wa kundi la Mlimani. Wanasema alipanda kuiba asali, akaanguka."

"Wanasema akina nani?"

"Wote."

Kweli ni wote. Ukambani, ukishikwa na mzinga wa mwenzako jina lako limekwisha, na la watoto wako vilevile. Iba kuku, utasamehewa. Mzinga? Thubutu! Mumbua alizaliwa Kitui, baba yake alikuwa mrina asali, na hilo alilijua tangu utotoni. Abdiladif, ambaye kwao wanafuga ngamia, ilibidi aelezwe.

Mambo mengine Mumbua alikuwa ameshayauliza mwenyewe sokoni. Msitu ule ulitunzwa na makundi mawili, Mlimani na Bondeni, ambayo zamani hayakuwa yakisalimiana. Kila kisiki kilikuwa ugomvi. Kisha wakaja wageni kutoka Pwani, watu wa vikundi vya kutunza mikoko vilivyoungana, wakawafundisha mambo mawili. Tundikeni mizinga, nyuki watawalindia miti. Halafu msilinde upande wenu. Lindeni upande wa wenzenu, ili mtu asimfichie ndugu yake kosa.

Mpango huo ulifaulu. Jumamosi wageni hao wangerudi, na Bondeni walikuwa wameahidi kuwazawadia mizinga.

"Na huyu alikuwa akilinda upande wa nani?" aliuliza Mumbua.

"Wa Bondeni, afande. Na mzinga ni wa mwenyekiti wa Bondeni, Mzee Gedion Nzioka. Alama ya ukoo wake hii hapa, imechongwa. Lakini mzee ni mtu wa Mungu. Amesema mbele ya watu kwamba amemsamehe marehemu."

"Amesamehe upesi hivyo?" alisema Mumbua.

Nyumbani kwa Kisilu hapakuwa na turubai, wala viti, wala sufuria kubwa za chai. Nduku, mjane wake, alikuwa ameketi kizingitini peke yake.

"Pole sana, mwaitu," alisema Mumbua, akimwita mama kwa Kikamba.

"Asante. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia pole."

"Mchungaji hajafika?"

"Ametuma ujumbe kwamba ataniombea akiwa kwake." Nduku alijifuta uso kwa leso. "Afande, mume wangu hakuwa mwizi. Ijumaa tunamzika. Aliyemuua mtamfunga, sawa, hiyo ni kazi yenu. Mimi nataka jina lake lirudi kabla hajaingia ardhini. Akizikwa hivi, ndiyo basi. Watoto wangu wataolewa na nani? Wataoa wapi?"

Asubuhi ile, alipoyaona masega, hata Mumbua alikuwa ameamini. Aliona haya kumtazama mama yule machoni, akaaga haraka.

Kule mochari, daktari wa upasuaji wa maiti hakuzungusha maneno.

"Fuvu limevunjwa kwa nyuma, kwa kitu cha mviringo. Mpini wa shoka, kwa mfano. Hakuanguka huyu."

"Nyuki je?"

"Nimemkagua mwili mzima. Hana uvimbe hata mmoja, na nguo hazina harufu ya moshi. Huyu alipopata masega alikuwa ameshakufa."

Walirudi msituni. Safari hii Mumbua hakuangalia juu, aliangalia chini. Majani yalikuwa yamelazwa upande mmoja, kama yanavyolala gunia likiburutwa. Waliufuata mburuto huo kuteremka mpaka penye rundo la matawi. Abdiladif aliyaondoa. Chini yake kulikuwa na kisiki kibichi cha mti wa podo, na vibanzi vyeupe vimetapakaa kila mahali.

"Aliuawa hapa," alisema Abdiladif. "Alimkuta mtu akikata mti. Lakini afande, hebu ona."

Juu ya kisiki, kwenye matawi ya chini kabisa ya mti wa jirani, ilining'inia mizinga miwili. Mtu mrefu angeifikia kwa mkono.

"Kama nataka aonekane mwizi wa asali, si ningefungua huu hapa? Kwa nini nimburute mtu mzima mlima wote ule?"

Mumbua alizitazama alama za mizinga ile. Zilikuwa za koo nyingine. Alikuwa ameshapata jibu, na hakulipenda.

Mzee Gedion alikuja kituoni mwenyewe, kofia mkononi. Jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba hadi kufunga, na mikono yake ilikuwa imeumuka kama mkate.

"Nyuki, mzee?"

"Ni kazi zetu, binti yangu."

"Baba yangu alirina maisha yake yote. Alirina gizani, kwa moshi. Hakuvimba hivyo hata siku moja. Wewe ulifungua mzinga mchana, bila moshi. Haraka ya nini?"

Mzee aliizungusha kofia mkononi.

"Nyumbani kwako tumekuta mizinga mipya ya zawadi. Mti gani?"

"Mti tu."

"Podo. Mbichi. Kisiki tumekiona. Na shoka lako liko maabara, lina damu kwenye mpini."

"Bondeni tuliahidi mizinga," alisema mzee kwa sauti ndogo. "Mlimani nao wakaahidi, mingi kuliko sisi. Ningeuweka wapi uso wangu? Miti ya shambani haikutosha. Nikasema mmoja tu, Mungu ataelewa."

"Kisilu akakukuta."

"Akanikuta. Nilimpigia magoti, mimi, mzee wa kanisa! Akasema, 'Mzee, sheria ya kutokata miti uliipendekeza wewe. Jumamosi utalisema kosa lako mwenyewe mbele ya wageni, ama nitalisema mimi.' Akanipa mgongo."

Aliitazama mikono yake.

"Sikujua kama nimeinua shoka. Naapa, sikujua."

"Na masega?"

Hapo Mzee Gedion alianza kulia.

"Hayo nilijua. Nilikaa kando yake nikafikiria. Nikajua nikimfanya mwizi hakuna atakayeuliza, hata mkewe atamzika kwa haraka."

"Mizinga miwili ilikuwa pale pale juu ya kichwa chako. Kwa nini hukuifungua?"

Gedion alimtazama kwa mshangao, kana kwamba ameulizwa jambo la kitoto.

"Haikuwa yangu! Nilinyoosha mkono ukakataa. Mzinga wa mwenzangu? Hapana. Nikambeba, nikamburuta, hadi kwenye wangu."

Abdiladif aliacha kuandika. Mzee mwenyewe, baada ya kusikia alichokisema, alifunika uso kwa mikono yake iliyovimba.

Mumbua alijua mkubwa wake angemfokea, lakini Ijumaa alimpeleka mshukiwa mazishini. Habari zilikuwa zimetangulia. Watu wa Mlimani na wa Bondeni walijaa hadi barabarani, mchungaji akiwa mbele na Biblia yake. Gedion alisimamishwa kando ya jeneza, pingu mikononi.

"Kisilu hakuiba asali," alisema. "Hakuiba kitu. Mimi nilikata mti, mimi nilimuua, na mimi nilimtia masega mfukoni. Mwizi ni mimi."

Wanawake wakapaza kilio, kile ambacho hakikuwa kimesikika wiki nzima. Wanaume wa makundi yote mawili walikuja mbele pamoja, majembe mabegani, na mmoja wao akavua kofia mbele ya Nduku.

"Mama, tuonyeshe mahali. Tunataka kumchimbia ndugu yetu kaburi."

Nduku aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa akiwajua wote, na wote walikuwa wamepita mbele ya lango lake bila kugeuka.

"Nyuma ya nyumba," alisema. "Watoto wake walimaliza kuchimba jana. Kamtazameni mtoto wangu mdogo viganja vyake vilivyochubuka, kisha mrudi mniambie kama bado mnataka kuchimba."

Hakuna aliyekwenda. Hawakuondoka pia. Walisimama pale pale na majembe yao, macho chini, mpaka Mumbua akamshika Gedion mkono na kumrudisha garini.