Bangili ya Tatu

Bangili zilikuwa tatu. Mbili za plastiki ya bluu, za watu wazima, zilikuwa tayari mikononi mwao. Ya tatu ilikuwa ya njano, ndogo, na mshonaji aliikuta ndani ya bahasha ya ufunguo wa hoteli walipokwisha kuingia chumbani, mumewe akiwa amejitupa kitandani na viatu vyake.

"Vua viatu," alisema kwanza. Kisha akauliza, "Hii ya nani?"

Mumewe aliinua kichwa. Alikuwa fundi wa friji na vyumba vya baridi, mtu wa kulala popote. "Wamekosea. Irudishe."

"Nirudishe nini? Si ulisema hapa mwenye bangili anakula mpaka achoke?" Akaitia mkobani, pamoja na mkasi, uzi, na dawa ya kikohozi ya mtoto wa mwisho aliyosahau kuitoa. Mwanamke aliyelea watoto watatu kwa cherehani moja harudishi kitu alichopewa bure.

Watatu hao walikuwa wamebaki kwa bibi yao, mama yake fundi. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili, wawili hawa walikuwa wametoka bila mtu wa kuwavuta nguo. Lakini mazoea yana taabu. Tangu asubuhi, kila mlangoni mshonaji alikuwa akigeuka nusu na kupitisha macho juu ya vichwa, na mara mbili njiani moyo ulimruka kabla hajakumbuka kwamba watoto hawapo. Hakuwa na desturi ya kutazama nyuso. Mama aliyechoka hahesabu nyuso, anahesabu vichwa, na vikitimia anaendelea na safari.

Hoteli ilikuwa ya ufukweni, kubwa, ya wageni wanaolipa mara moja na kula, kunywa na kuogelea bila kuulizwa kitu tena. Wao hawakulipa. Mwezi uliopita fundi alikuwa amekaa pale wiki mbili akitengeneza vyumba vya baridi, na meneja, kwa shukrani, akampa siku nne yeye na mkewe. Katika wiki zile mbili fundi alikuwa akipiga simu kila jioni na kulalamika kwamba kazi ni ngumu. Sasa mshonaji alitazama bwawa la kuogelea, vitanda vya kuotea jua na wasichana wa mapokezi, akajiuliza ugumu huo ulikuwa umekaa upande gani.

Waliporudi kutoka kula, kitandani kulikuwa na taulo mbili kubwa, na moja ndogo iliyokunjwa umbo la bata.

"Huyu bata wa nani?" alimuuliza mhudumu wa chumba.

"Wa mtoto, mama. Orodha yangu inasema chumba hiki kina watu wazima wawili na mtoto mmoja."

Mshonaji alimgeukia mumewe. Fundi alikuwa anajikuna shingo. Alikuwa na tabia ya kujikuna shingo akiwa na hatia. Lakini pia alijikuna akiwa na joto, na siku ile kulikuwa na joto.

Kesho yake, kwenye meza ndefu ya chakula, mpishi alimwona fundi akapiga makofi. "Fundi! Umerudi! Na safari hii umekuja na familia." Macho ya mpishi yalishuka, yakakaa katikati yao, kwenye usawa wa kiuno cha mtu mzima, akatabasamu pale kwenye hewa tupu. Kisha akaongeza kipande cha keki kwenye sahani ya fundi. "Cha huyu."

Mshonaji alikula samaki wake mpaka mwiba. Alikuwa amejifunza zamani kwamba ukimuuliza mwanamume mapema unampa muda wa kutunga jibu.

Mchana walilala kidogo. Alipoamka, pazia lilikuwa limefungwa, mumewe anakoroma, na sakafuni kulikuwa na nyayo za maji. Zilikuwa ndogo, za miguu mitupu, vidole vyote vitano vikionekana. Zilitoka bafuni, zikapita upande wa fundi bila kusimama, zikazunguka kitanda, zikaishia upande wake yeye, karibu na mto. Hapakuwa na nyayo za kurudi. Chumba kilinuka dawa ya maji ya bwawa, na chini ya harufu hiyo palikuwa na nyingine, ya udongo mbichi, kama shimo lililofunuliwa leo.

Alichukua taulo la bata akafuta. Alifuta kwa nguvu, akijiambia kwamba ni hasira.

Bwawani ndipo alipoyatoa ya moyoni. Mhudumu aliwaletea glasi tatu za maji ya matunda, moja ikiwa ndogo yenye mrija.

"Hii nani ameagiza?"

"Mtoto, mama. Alikuwa hapa sasa hivi, nyuma ya kiti chako."

Mhudumu alipoondoka, mshonaji alisema kwa sauti ya chini, bila kumtazama mumewe, "Baba watoto, niambie tu. Una mtoto hapa?"

"Nina nini?"

"Wiki mbili ulikuwa hapa. Watu wote wanamjua. Wanamwandikia taulo, wanamkatia keki. Mama yake ni yupi? Yule wa mapokezi mwenye macho ya usingizi?"

Fundi alicheka, akaona anacheka peke yake, akaacha. "Mke wangu, tunao watatu na wananimaliza. Nguvu za wa nne ningezitoa wapi? Na mtoto anayekunywa kwa mrija ana miaka mingapi? Mimi nilikuja hapa mwezi uliopita! Nilimzaa na meno?"

"Labda ulianza kuja kabla ya kuniambia."

"Haya, endelea kushona," alisema fundi. "Kitambaa hakipo lakini nguo itapatikana."

Glasi ndogo ilibaki mezani. Walipoinuka, ilikuwa tupu.

Siku ya tatu, mchana, fundi alikwenda kutazama mashine zake jikoni, kama alivyosema, naye mshonaji akabaki chumbani na kupiga simu nyumbani. Alipokea binti yake mkubwa. Walizungumza habari za kikohozi, za bibi, za nani amempiga nani. Kisha binti akaacha habari hizo.

"Mama, huyo anayecheka hapo ni nani?"

"Ni watu wa bwawani."

"Hapana. Yuko karibu na simu." Binti alishusha sauti. "Anauliza tuko wangapi."

"Mmemjibu?"

"Mdogo amemwambia watatu. Amesema, basi nafasi ipo."

Mshonaji alikuwa amekaa kitandani na mgongo wake ukielekea bafuni, na madirisha yalikuwa yamefungwa, na ufunguo ulikuwa mlangoni kwa ndani, na hakusikia kicheko wala pumzi wala mlango, ila alihisi godoro likibonyea polepole nyuma yake kama linavyobonyea mtoto anapopanda kwa magoti akidhani hujamwona, na maji ya baridi yakapenya kwenye shuka mpaka yakafika kwenye nguo yake, na harufu ya udongo mbichi ikaja juu ya bega lake la kushoto na kutulia hapo, kidevu juu ya bega, ikisikiliza simu.

Hakugeuka. Alichukua mkoba akatoka pekupeku hadi mapokezi, akaiweka ile bangili ya njano juu ya kaunta.

"Nani alimwandikisha huyu mtoto? Mume wangu?"

Msichana mwenye macho ya usingizi alishangaa. "Hapana, mama. Baba alikuwa mlangoni na mabegi. Ni wewe."

"Mimi?"

"Nilikuuliza mko wangapi. Ukageuka, ukahesabu kwa kidole. Ukamwonyesha baba, ukaonyesha hapo nyuma yako, ukajigusa kifuani. Ukasema watatu, wote wapo."

"Na wewe ulimwona?"

"Nilikiona kichwa. Nywele zimelowa."

"Uso wake ukoje?"

"Sijui, mama," alisema msichana taratibu. "Sikumtazama."

Mtu alimshika mshonaji kiwiko. Alikuwa mwanamke mnene, mikono imekunjamana kwa sabuni, ambaye wafanyakazi wote walimwita Bi Mashuka. Alimvuta hadi chumba cha kufulia, katikati ya mashine zinazonguruma, mahali ambapo mtu hawezi kusikilizwa.

"Mwanangu, nafua mashuka hapa tangu bwawa halijachimbwa. Pale palikuwa na kisima. Walikifukia, na mwenyewe yumo ndani."

"Jini?" alinong'ona mshonaji.

"Usilitaje kana kwamba liko mbali. Huyu si wa kukaba watu. Anatafuta mama. Lakini hawezi kuvuka geti mpaka mtu mwenye watoto amhesabu miongoni mwa wake. Miaka yote amekosa, kwa sababu wanaokuja huku wanahesabu chupa. Wewe umekuja na hesabu ya watoto."

"Nimtoe vipi?"

"Aliyemwingiza kwenye hesabu ndiye anayemtoa. Kesho mkiondoka, simama ukingoni mwa bwawa jua likiwa utosini. Kata bangili yake uitupe majini. Kisha hesabu kwa sauti, kila mtu mguse na umtazame usoni. Na ukisikia kitu nyuma yako, usigeuke."

"Basi?"

"Kwa hapa, basi. Nyumbani, usihesabu tena kwa kisogo. Ukimhesabu tena bila kutazama, hata huko atakuja. Kila mtoto mguse, mtazame."

"Mpaka lini?"

Bi Mashuka alikung'uta shuka. "Mpaka wakue."

Fundi alipoambiwa hakucheka. Alikuwa amerudi chumbani akalikuta godoro limelowa upande mmoja. "Baridi naijua," alisema. "Hii ya humu siijui." Kisha akauliza, "Kwa hiyo sina mtoto wa nje?"

"Huna. Nisamehe. Shika begi."

Saa sita za mchana walisimama bwawani, watu wakiwa wamelala kwenye vitanda vyao, muziki ukipigwa. Mshonaji alitoa mkasi wake akaikata bangili ya njano na kuitupa. Plastiki huelea, hii haikuelea. Ilishuka wima, upesi, kama kitu kilichopokewa. Akamgusa mumewe kifuani, akamtazama usoni. "Mmoja." Akajigusa. "Wawili. Tuko wawili." Wakageuka kuelekea getini.

Walikuwa wamepiga hatua kumi hivi kilio kilipoanza, na hakikuwa kilio cha kutisha, kingekuwa cha kutisha ingekuwa nafuu, kilikuwa kilio cha mtoto aliyeamka usingizini akakuta nyumba tupu, kile ambacho mama akikisikia miguu yake huondoka kabla ya akili, na miguu ya mshonaji ilikwisha kugeuka, kidole gumba cha mguu kikielekea majini, fundi alipomshika kiuno kwa mkono mmoja na begi kwa mkono mwingine, akamburuta kama friji mbovu mpaka nje ya geti. Hapo kilio kilikatika.

Nyumbani alifanya alivyoagizwa. Kila mlangoni alishika kichwa cha kila mtoto, akamgeuza uso, akamtazama, akasema namba. Watoto walilalamika. "Mama, umetugeuza nyanya za sokoni," alisema wa kati. Bibi yao alisema ufukweni kumemharibu mkwewe. Yeye aliendelea. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tano.

Kisha shule zikakaribia kufunguliwa, na kila mzazi wa mtaa mzima akakumbuka sare siku moja. Mshonaji alikaa kwenye cherehani tangu alfajiri, mgongo umekuwa mbao. Alasiri mvua ikanyesha ghafla. Aliinuka, pini mdomoni, sketi ya mtu begani, akafungua mlango akawaita walioko uwanjani. Wakaja mbio, wameinamisha vichwa, wamejifunika mashati, wanasukumana na kucheka, wakampita kiunoni mmoja baada ya mwingine huku macho yake yako kwenye pindo la sketi linaloloa.

Mmoja, wawili, watatu, wanne. Wote wapo.

Akafunga mlango, akasukuma komeo. Ilimjia ile raha ndogo ya mama yeyote mvua inaponyesha na watoto wako ndani. Ilidumu kama pumzi moja.

Mkono ulibaki juu ya komeo. Mvua hainuki udongo wa chini sana namna ile, na hainuki dawa ya bwawa. Nyuma yake miguu ilikuwa ikikanyaga sakafu, mingi, myepesi, ikielekea jikoni, ambako binti mkubwa, aliyeingia wa kwanza, alikuwa ameanza kupakua chakula, kama alivyofundishwa, bila kutazama nyuso.

"Mama," binti aliita. "Sahani hazitoshi. Imepungua moja."