Bango la Mjane

Haya yalimkuta rafiki yangu kinyozi, mpenzi mkubwa wa mabango ya filamu za kale za Kiarabu. Alimwendea mama mmoja kipofu, mjane wa fundi wa kuonyesha sinema, wakaingia stoo yenye giza kutazama mabango aliyoyaacha mumewe.

"Lile la mwigizaji mwenye shela lipo, mwanangu? Marehemu alinipa siku aliyonichumbia."

"Mchwa wamelimaliza, mama," alijibu, naye keshalibana kwapani.

Mama akamshika mkono. "Ahsante kwa kuniambia kweli."

Kinyozi hakujua auweke wapi uso wake, lakini hakulirudisha.

Jioni alilibandika chumbani. Umeme ulipokatika akasikia kwikwi za kilio, kama za mtu aliyejiziba mdomo. Akapapasa ukutani. Karatasi ilikuwa kavu, ila chini ya macho ya mwigizaji vidole vyake vililowa, na maji yenyewe yalikuwa na joto.